Kazi ikifa, nani anamshika mfanyakazi?

*Marekani humwambia aliyeachishwa kazi akatafute nyingine. Denmark humwambia vivyo hivyo, ila humlipa wakati anatafuta. Makala haya yanafuatilia nani hupata kazi, nani hupata kipato, na gharama hubebwa na nani.*

Na Mwandishi Wetu

Katikati ya Aprili 2020, wataalamu wa kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani waliingia katika machinjio ya nguruwe ya kampuni ya Smithfield, mjini Sioux Falls, jimbo la South Dakota. Kiwanda chenye wafanyakazi wapatao 3,700 kilikuwa kimefungwa siku chache zilizotangulia. Virusi vya korona vilikuwa vimesambaa kwenye mistari ya kukatia nyama, mahali ambapo watu husimama bega kwa bega na visu mkononi.

Ripoti yao ina maelezo ambayo msomaji wa gazeti hili hawezi kuyaruka. Ndani ya kiwanda kulizungumzwa lugha zipatazo 40, na katika kumi zilizoongoza kilikuwamo Kiswahili.

Kampuni ilikuwa imeahidi bonasi ya dola 500 kwa kila ambaye hatakosa zamu mwezi ule. Wakosoaji walisema bonasi ya namna hiyo inamvuta mgonjwa kazini. Ni kweli Bunge la Marekani lilikuwa limepitisha sheria ya likizo ya ugonjwa yenye malipo mwezi Machi, lakini kampuni zenye wafanyakazi 500 na zaidi ziliachwa nje ya sheria hiyo. Mamlaka ya usalama kazini baadaye iliitoza Smithfield faini ya dola 13,494.

Mwezi mmoja kabla ya ziara hiyo, Jumapili ya Machi 15, watu wa pande tatu walikuwa wameketi Copenhagen: serikali ya Denmark, waajiri na vyama vya wafanyakazi. Walipoinuka walikuwa wamekubaliana. Mwajiri aliyeathirika asiachishe mtu. Serikali itabeba asilimia 75 ya mshahara wa mwezi, hadi kroner 23,000 kwa mtu, na mfanyakazi naye atatoa siku tano za likizo yake.

Mwezi uliofuata ukosefu wa ajira Marekani ulikaribia asilimia 15. Ajira kama milioni 22 zilipotea ndani ya miezi miwili. Mjini San Antonio, Texas, familia zipatazo 10,000 zilipanga magari siku moja kusubiri chakula cha msaada. Mjini Hialeah, Florida, watu walijipanga barabarani kuchukua fomu za karatasi za kudai fao, kwa kuwa mtandao wa jimbo ulikuwa umezidiwa. Denmark, ukosefu wa ajira ulipanda kutoka kama asilimia 5 hadi 6 hivi.

Takwimu hizo hupendwa na wanaotaka kumaliza mjadala mapema. Lakini miaka miwili baadaye, Machi 2022, ukosefu wa ajira Marekani ulikuwa umeshuka hadi asilimia 3.6. Sweden, jirani wa Denmark na mwenzake katika sera za ustawi wa jamii, mwaka huo ilikuwa na kiwango mara mbili ya hicho.

Nchi isiyo na kima cha chini

Wengi wakisikia Denmark au Sweden hudhani ni nchi ambako serikali ndiyo hupanga uchumi. Mwaka 2015, baada ya Seneta Bernie Sanders kuitaja Denmark mara kwa mara katika kampeni zake za urais, waziri mkuu wa Denmark wa wakati huo, Lars Løkke Rasmussen, alisimama Chuo Kikuu cha Harvard kuwakumbusha Wamarekani kwamba nchi yake ni ya uchumi wa soko.

Hakuwa anatia chumvi. Denmark haina sheria ya kima cha chini cha mshahara. Umoja wa Ulaya ulipotoa mwongozo wa kima cha chini mwaka 2022, Denmark iliupinga na mwaka uliofuata ikaenda mahakamani kutaka ufutwe. Waajiri na vyama vya wafanyakazi, ambao kwa mengi hawaelewani, katika hilo walikuwa upande mmoja.

Mishahara hupangwa kwa mikataba ya hali bora kati ya vyama na waajiri. Mizizi yake ni ya mwaka 1899, pale waajiri walipowafungia nje wafanyakazi wapatao 40,000 kwa miezi kadhaa. Ugomvi ule uliisha Septemba kwa maridhiano ambayo bado yanatajwa: waajiri wanatambua haki ya kuunda vyama, na wafanyakazi wanatambua haki ya mwajiri kuongoza kazi, kuajiri na kuachisha.

Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo husahauliwa na wanaoisifu Denmark kutoka mbali. Mwajiri wa Denmark akiona oda zimepungua, anapunguza watu. Mwenye kazi ya ofisini hupewa notisi ya mwezi mmoja hadi sita kulingana na muda aliokaa, na wafanyakazi wa kiwandani mara nyingi hupewa muda mfupi zaidi. Mwajiri hahitaji kwenda mahakamani miaka miwili kama inavyoweza kutokea katika nchi nyingine za Ulaya.

> Bosi wa Denmark anaachisha watu kwa wepesi unaokaribia ule wa mwenzake wa Texas. Kinachofuata baada ya barua ndicho kinachotofautiana.

Aliyeachishwa kazi anakwenda kwenye mfuko wa bima ya ukosefu wa ajira, ambao Wadenmark huuita *a-kasse*. Uanachama ni wa hiari na michango hulipwa kila mwezi. Mfuko hulipa hadi asilimia 90 ya mshahara wa awali, ila kuna kikomo: takriban kroner 20,000 kwa mwezi kabla ya kodi, kwa muda wa miaka miwili. Aliyekuwa akilipwa mshahara mdogo anakaribia kubaki palepale. Mhandisi anaumia, kwa kuwa kikomo kinamkata chini ya nusu ya alichozoea.

Kwa kulinganisha, Mtanzania anayestahili fao la kukosa ajira hupewa theluthi ya mshahara kwa miezi isiyozidi sita. Mtu wa Florida hupewa dola 275 kwa wiki, hiyo ikiwa ndiyo ya juu kabisa, na uchumi ukiwa mzuri hupewa kwa wiki 12 tu.

Fedha ya Denmark haiji bure. Siku ya kwanza unajiandikisha ofisi ya ajira, unaweka wasifu wako, unaitwa kwenye vikao, unatuma maombi ya kazi na kuonyesha ushahidi, na ukipangiwa mafunzo unakwenda. Ukikataa, malipo yanasitishwa. Nchi hiyo imekuwa ikitumia karibu asilimia 2 ya pato la taifa kwa mafunzo na huduma za kumrudisha mtu kazini. Marekani hutumia kama asilimia 0.1.

Ukali huo haukuwapo tangu mwanzo. Mwaka 1993, ukosefu wa ajira ukiwa umefika kama asilimia 10, mtu aliweza kulipwa miaka na miaka kwa kuhuisha haki yake kila ilipokaribia kuisha. Serikali ya Poul Nyrup Rasmussen, ya chama cha Social Democrats, ndiyo iliyoanza kukata: miaka saba mwaka 1994, minne muongo ulipokuwa ukiisha. Sheria ya 2010 ikafikisha miwili. Waliolikata zaidi fao la wafanyakazi mwanzoni walikuwa wafanyakazi wenyewe, kupitia chama chao.

Nguruwe wa Ringsted

Kuona jinsi mpango huo unavyofanya kazi, tubaki machinjioni.

Danish Crown ni ushirika wa wafugaji na mmoja wa wauzaji wakubwa wa nyama ya nguruwe duniani. Mwaka 2023 ulifunga kiwanda cha Sæby, kaskazini mwa nchi, chenye watu wapatao 800. Juni 2024 ukatangaza kufunga cha Ringsted, chenye watu wapatao 1,200.

Sababu haikuwa ugonjwa wala vita. Mchinjaji wa Denmark analipwa vizuri kuliko karibu wenzake wote duniani, na kwa sababu hiyo mfugaji wa Denmark huona afadhali kuuza vitoto vya nguruwe, kwa mamilioni kila mwaka, vikanenepeshwe na kuchinjwa Poland na Ujerumani ambako mkono ni rahisi. Kazi zilizobaki nyumbani, hasa katika kiwanda kikubwa cha Horsens, zimechukuliwa kwa sehemu na roboti.

Yaani mshahara mzuri uliiua kazi, na serikali ikaiacha ife. Hakuna ruzuku iliyotolewa kukiweka kiwanda hai. Wafanyakazi walipewa notisi, wakaingia kwenye mfuko wa bima, ofisi za ajira zikawafungulia madaftari.

Wanaoutetea mfumo huu wanasema hapo ndipo ulipo ubora wake. Nchi ndogo haiwezi kushindana kwa bei ya mikono, na mtu asiyeogopa kupoteza kazi hapingi mashine. Kila mwaka takriban mfanyakazi mmoja kati ya wanne wa Denmark hubadilisha mwajiri.

Nakubaliana nao kwa sehemu kubwa, ila nina shaka na mtu mmoja: yule wa miaka 58 aliyekata mapaja ya nguruwe kwa miongo mitatu. Si mbali sana na Ringsted upo mji wa Kalundborg, ambako kampuni ya dawa ya Novo Nordisk ilitangaza mwaka 2023 kuwekeza kroner bilioni 42. Ilionekana kama jibu lililoandaliwa. Septemba 2025 kampuni hiyohiyo ikatangaza kupunguza watu 9,000, kama 5,000 kati yao wakiwa Denmark.

Hamburger ileile

Kuna mfano mfupi zaidi. McDonald's ilifungua mgahawa wake wa kwanza Denmark mwaka 1981 na ikakataa kutia saini mkataba wa hali bora. Vyama vikavumilia miaka kadhaa. Mwishoni mwa 1988 na mwanzo wa 1989 wakaanza migomo ya kuunga mkono: wapakuzi bandarini hawakugusa mizigo ya kampuni, madereva hawakuipeleka, wachapaji hawakuchapa matangazo yake, wajenzi hawakujenga. Mwaka 1989 kampuni ikasaini.

Leo mhudumu wa McDonald's Denmark hulipwa zaidi ya dola 20 kwa saa, pamoja na likizo na akiba ya uzeeni. Kima cha chini cha serikali ya shirikisho ya Marekani ni dola 7.25, na hakijaguswa tangu Julai 2009. Kwa haki ya Wamarekani tuseme pia kwamba majimbo mengi yamejiwekea vima vya juu zaidi, na California tangu Aprili 2024 imelazimisha dola 20 kwa migahawa mikubwa ya vyakula vya haraka. Bei ya Big Mac katika nchi hizo mbili haipishani sana.

Wamarekani wanajibu

Upande wa pili una hoja nzito, na hauhitaji kumkebehi mtu maskini ili kuitoa.

Mwaka 2023 pato la kila mtu Marekani lilikuwa zaidi ya dola 80,000. Denmark lilikuwa kama 68,000, Sweden kama 55,000. Hata ukimwacha bilionea na kumchukua Mmarekani wa katikati kabisa, fedha anayobaki nayo mkononi baada ya kodi inamzidi mwenzake wa Denmark. Muuguzi au mtaalamu wa kompyuta anayehama kutoka Copenhagen kwenda Houston haendi kwa kupenda joto.

Oktoba 2018 baraza la washauri wa uchumi wa Ikulu ya Marekani lilitoa ripoti nzima kuhusu hili. Lilidai kuwa hali ya maisha katika nchi za Nordiki iko chini ya ile ya Marekani kwa asilimia 15 au zaidi, na likafika mahali pa kupima ni gharama gani kumiliki pikapu huko na huko. Wadenmark walicheka sana. Lakini kipimo cha pikapu si cha kijinga kama kinavyosikika: kodi ya kusajili gari Denmark inaweza kufika asilimia 150 ya thamani.

Hoja yao kali zaidi imetoka kwa wachumi ambao si wahafidhina. Mwaka 2012 Daron Acemoglu, James Robinson na Thierry Verdier waliandika kuwa dunia inahitaji ubepari wa kukabana koo ili ivumbue, na kwamba nchi zenye ubepari wa kubembeleza zinaweza kustarehe kwa sababu kuna mwingine anayekabwa. Wakosoaji wao wakaonyesha kuwa Sweden kila mwaka iko juu kabisa katika orodha za uvumbuzi, na kwamba Spotify ilizaliwa Stockholm. Ndiyo, lakini mwaka 2018 Spotify ilipotaka kuorodhesha hisa zake ilikwenda New York.

Sasa tupime saa. Mmarekani mwenye kazi hufanya kazi kama saa 1,800 kwa mwaka. Wa Denmark, kama 1,380. Tofauti ni zaidi ya wiki kumi za kazi. Sehemu ya ile fedha ya ziada ya Mmarekani, basi, ni ujira wa wiki kumi ambazo mwenzake alikuwa nyumbani.

> Saa 1,800 kwa mwaka Marekani, 1,380 Denmark. Kipato kikubwa kina saa zake.

Sehemu nyingine ya fedha hiyo inatoka kabla hajaizoea. Bima ya afya ya Mmarekani wa kawaida hutoka kwa mwajiri. Ni mazoea yaliyokua wakati wa Vita Kuu ya Pili, mwaka 1942 serikali ilipozuia nyongeza za mishahara na kampuni zikaanza kuvutia watu kwa bima. Vita viliisha miaka 80 iliyopita, mazoea yamebaki. Ukipoteza kazi unaruhusiwa kubaki na bima ileile kwa muda, ila ulipe mwenyewe sehemu yako na ile ya mwajiri, mwezi uleule ambao mshahara umekatika.

Mzazi hana haki ya kitaifa ya likizo ya uzazi yenye malipo. Sheria ya 1993 inatoa wiki 12 bila hata senti, na si kwa wote. Huenda hiyo ni sababu moja kwa nini, kinyume na watu wanavyotarajia, Denmark ndiyo yenye watu wengi zaidi makazini: kama 76 katika kila watu 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 64, wakati Marekani ni kama 72. Mama wa Denmark ana pa kumwacha mtoto.

Ni takwimu inayoiharibia hoja kila mtu anayesema malipo mazuri huwafanya watu kuwa wavivu. Nimeitafutia jibu kwa wachumi wa soko huria, na majibu yao mengi huhama haraka kwenda kwenye pato la kila mtu.

Bili inamfikia nani

Mwanasiasa wa Kimarekani akizungumzia mfumo wa Nordiki husema tajiri atalipa. Denmark haifanyi hivyo. Kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 25, na mkate hauna nafuu. Mhudumu wa McDonald's na mkurugenzi wa Novo Nordisk wanailipa sawasawa kwenye duka la mtaani. Kwa jumla kodi huchukua kama asilimia 43 ya pato la taifa Denmark, na kama 25 Marekani.

Sweden ilijaribu kubana zaidi na ikaumia. Ingvar Kamprad, mwanzilishi wa IKEA, alihama nchi mwaka 1973. Mwaka 1976 Astrid Lindgren, mwandishi wa vitabu vya watoto aliyependwa kuliko waziri yeyote, aligundua kuwa kwenye sehemu ya kipato chake anatozwa kodi ya asilimia 102. Akaandika kisa cha dhihaka gazetini. Miezi michache baadaye Social Democrats walishindwa uchaguzi baada ya kushika serikali kwa miaka zaidi ya 40.

Baya zaidi lilikuja miaka ya 1990. Uchumi wa Sweden ulinywea miaka mitatu mfululizo, na Septemba 1992 benki kuu ilipandisha riba hadi asilimia 500 kuilinda sarafu, bila mafanikio. Ukosefu wa ajira uliokuwa chini ya asilimia 2 ukapanda mara kadhaa. Nchi ikaandika upya sheria ya pensheni, ikaruhusu shule binafsi kuendeshwa kwa fedha za umma, ikafuta kodi ya mirathi mwaka 2004 na kodi ya utajiri mwaka 2007. Sweden ya leo ina mabilionea wengi kwa idadi ya watu wake kuliko nchi nyingi za kibepari tunazozijua.

Aliyetoka Nyarugusu

Wakongomani wengi waliokaa miaka katika kambi kama Nyarugusu, mkoani Kigoma, walipelekwa na Umoja wa Mataifa nchi za mbali. Wengi walikwenda Marekani. Wengine, wakiwamo waliotoka kambi za Rwanda na Uganda, walipokewa na Sweden, Norway na Denmark. Jirani wa hema moja leo anaweza kuwa chini ya mfumo mmoja, na mwenzake chini ya mwingine.

Aliyefika Marekani alipewa msaada wa kuanzia maisha wa siku 90, pamoja na deni la tiketi ya ndege. Shirika lililompokea lilimtafutia kazi kabla hajajua Kiingereza. Ndivyo Kiswahili kilivyofika machinjioni Sioux Falls. Ujira haukuwa mkubwa, lakini ulikuwa wake, na msimamizi hakuhitaji cheti.

Aliyefika Denmark alipelekwa darasani kujifunza Kidenmark. Nyumba, daktari na shule ya watoto havikuwa tatizo. Kazi ndiyo ilikuwa tatizo, kwa kuwa pale ambapo ujira wa chini kabisa ni mkubwa, mwajiri hutaka mtu anayejua lugha na kazi kuanzia siku ya kwanza. Machinjio yangeweza kumpokea, na tumeona yaliko machinjio.

Sweden inaonyesha hali hiyo wazi kuliko wote: wazaliwa wa nje wanakosa ajira kwa kiwango cha mara kadhaa ya wenyeji.

Wapiga kura waliona, na huruma ikapungua. Mwaka 2015 Denmark ilianzisha posho ndogo zaidi kwa wageni. Tangu Julai 2025, wahamiaji wengi wanaopokea msaada wa serikali wanatakiwa kutimiza saa 37 za kazi au mafunzo kwa wiki ili waendelee kuupata. Mfumo uliojengwa juu ya kuaminiana sasa una mlango wake na bawabu wake.

> Marekani inakupa kazi upesi na kukuacha nayo. Denmark inakuandaa kwa kazi ambayo huenda isikuchukue.

Ukiniuliza mimi ni wapi ningependa kuzaliwa bila kujua nitakuwa mtoto wa nani, nitasema Denmark. Ukiniuliza ni wapi ningependa kushuka uwanja wa ndege nikiwa na miaka 35, bila lugha na bila cheti, nikitaka kutuma fedha nyumbani mwezi ujao, nitasitasita.

Walipobadilishana zamu

Turudi kwenye korona, kwa kuwa kuna jambo lililopitwa wakati ule.

Denmark, nchi inayojivunia kuiacha kazi ife na kumshika mtu, mwaka 2020 ilifanya kinyume cha mafundisho yake: iliigandisha kazi. Marekani, nchi ya kila mtu na lake, ikaacha kazi zife na kisha ikawatumia watu fedha. Sheria ya Machi 2020 iliongeza dola 600 kwa wiki juu ya fao la jimbo na kutuma hundi za dola 1,200 majumbani. Kwa miezi kadhaa wafanyakazi wengi wa kipato cha chini walipata zaidi wakiwa nyumbani kuliko walivyopata kazini.

Mwaka 2021 Bunge likapanua nafuu ya kodi kwa wenye watoto, hadi ikawa kama posho ya kila mwezi hata kwa mzazi asiye na kipato. Kwa kipimo kinachohesabu misaada ya serikali, umaskini wa watoto ulishuka hadi asilimia 5.2, kiwango cha chini kuliko chochote kilichowahi kurekodiwa kwa kipimo hicho. Mpango uliishia Desemba. Mwaka 2022 umaskini huo ulikuwa asilimia 12.4.

Sababu haikuwa kupotea kwa kazi, kwani ukosefu wa ajira ulikuwa unashuka. Kilichokosekana ni kura ya seneta mmoja au wawili ya kuuongezea mpango muda.

> Umaskini wa watoto Marekani: asilimia 5.2 mwaka 2021, asilimia 12.4 mwaka 2022.

Wanaosema Mmarekani kwa asili yake hawezi mambo ya ustawi wa jamii wana kazi ya kueleza mwaka 2021. Na wanaosema ingetosha kuendelea hivyo nao wana ya kueleza: fedha ile ilikuwa ya mkopo, bei za bidhaa zilipanda kuliko zilivyopanda kwa miaka 40, na hakuna aliyethubutu kuwaomba wapiga kura asilimia 25 kwenye mkate.

Magari yasiyo na namba

Pambano linaloendelea sasa liko Sweden. Oktoba 27, 2023 chama cha IF Metall kiliwaita kwenye mgomo mafundi wa karakana za Tesla, baada ya kampuni kukataa kutia saini mkataba wa hali bora. Silaha ni zilezile zilizotumika dhidi ya McDonald's. Wapakuzi bandarini wanakataa kushusha magari ya Tesla, mafundi umeme hawagusi vituo vyake vya kuchajia, wafanyakazi wa posta walizuia bahasha zenye namba za magari mapya. Vyama vya Denmark, Norway na Finland vikaunga mkono.

Tesla inasema masharti inayowapa mafundi wake ni sawa na ya mkataba au yanayazidi. Hoja ya chama ni kwamba masharti yaliyowekwa na mwajiri peke yake anaweza kuyaondoa peke yake. Katika nchi isiyo na kima cha chini cha kisheria, mwajiri mkubwa akitoka nje ya mikataba na akaachwa, wa pili atauliza kwa nini yeye abaki.

McDonald's ilisalimu amri ndani ya miezi. Mgomo wa Tesla ulitimiza miaka miwili Oktoba 2025 bila mkataba. Magari yanaingia kwa barabara kutoka nchi jirani, na wanunuzi hawajakosa. Waliogoma wanalipwa na mfuko wa chama. Mafundi wengine hawakugoma, na karakana ziko wazi.